Video ya kombo: ya kutazamwa au ya kuigwa?

Kwenye mabanda ya gemu ya Ngamiani, Tanga, ambako barabara huitwa kwa namba, padi nyingi ziko kwenye mpira. Hata hivyo hakosekani mpenzi wa Tekken, mchezo wa mapigano, kwenye kona, na penye Tekken pana ubishi kuhusu video za kombo, yaani mapigo yanayofuatana bila mpinzani kupata nafasi ya kujikinga, zinazozunguka kwenye simu. Wapo wanaosema video ya kombo ni somo: kama mtu hawezi kuipiga jioni hii dhidi ya mpinzani anayejikinga, bando lake limekwenda bure. Wapo wanaosema ni onyesho, sawa na danadana. Anayepiga danadana mia pembeni ya uwanja wa Mkwakwani haulizwi amefunga mabao mangapi.

Mfano wa danadana si wa bure, kwa sababu kombo ya Tekken ni danadana hasa: unamnyanyua mtu kwa pigo moja, kisha humwachi aguse chini mpaka mapigo yaishe au ukuta umpokee.

Tuanze na wenye somo. Hoja yao nzito ni mkono. Tekken na mwenzake wa mapigano, Street Fighter, huenda kwa fremu (picha moja moja) 60 kwa sekunde, yaani fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Chukua ngumi ya umeme ya Kazuya, mmoja wa wapiganaji wa Tekken. Unasukuma mbele, unaachia, unashuka chini, kisha chini-mbele pamoja na kitufe cha pembetatu, na hivyo viwili vya mwisho lazima viangukie fremu ileile. Kidole kikichelewa kwa fremu moja, ngumi inatoka bila ule mwanga wa buluu. Tofauti haiishii kwenye rangi. Ya umeme, hata ikikingwa, humpa Kazuya fremu 5 za kumtangulia mpinzani. Ya kawaida ikikingwa, yeye ndiye anayebaki nyuma. Sasa video inayoonyesha ngumi tatu za umeme mfululizo angani, kila moja baada ya hatua ndogo ya kusogea, inamwambia nini kijana mwenye nusu saa ya padi aliyoilipia? Wanasema haimwambii kitu.

Wana na ushahidi mwingine, nao ni mashuhuri. Kipande kinachojulikana kuliko vyote katika michezo ya mapigano ni cha mashindano ya Evo ya 2004, kwenye Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara, akimchezesha mpiganaji Ken, damu imebaki kama uzi, anapokea supa, yaani shambulizi kubwa kabisa, ya Chun-Li anayechezeshwa na Justin Wong: mapigo 15, na hata kuyakinga tu kungemmaliza. Akayazuia yote, si kwa kukinga bali kwa kusukuma kijiti kwa wakati wake, la mwisho akilizuia angani, kisha akarudisha kwa kombo ya kumalizia. Kombo yenyewe ni fupi. Chumba cha mazoezi kina kombo nzuri maelfu kuliko ile, lakini hakuna inayotetemesha vile, maana hapo kulikuwa na cha kupoteza.

Wenye onyesho nao wanaanzia mbali, mwaka 1991. Kombo hazikupangwa na mtu. Wakati Street Fighter II inatengenezwa, Noritaka Funamizu wa Capcom, kampuni iliyoutengeneza, alikuwa akikagua hatua ya ziada ya kuvunja gari akaona kwamba ukipatia muda, pigo la pili linaingia kabla la kwanza halijaachia. Walidhani ni jambo gumu mno kwa mtu kulitumia, wakaliacha humo. Mwaka 1993 Super Street Fighter II ndiyo ikaanza kuandika idadi ya mapigo kwenye kioo. Kwa hiyo ufundi wote huu ni mtoto wa udadisi usio na faida ya papo hapo, na anayekesha na mdoli wa mazoezi, mpinzani asiyechezeshwa na mtu, akitafuta kama teke la chini linaweza kufuatiwa na lile refu anaendeleza kazi ileile. Yanayoonekana leo ni ya kishamba, kesho huwa chakula cha kila mtu.

Ubishi huu huhukumiwa vibaya pale watu wanapodhani kwamba video ya onyesho ndiyo inayodanganya. Ukizichunguza kwa makini, video zinazojiita za vitendo ndizo zenye uongo mwingi zaidi. Ya onyesho, hata ile iliyotengenezwa kwa kusogeza fremu moja moja kwenye emuleta, programu ya kompyuta inayoiga mashine ya gemu, ikisema wazi kwamba imesaidiwa na mashine haina kosa. Inaonyesha mchezo unaruhusu nini, si mkono unaweza nini. Ya vitendo inakuambia "hii ipige leo", halafu inaficha masharti. Pigo la kuanzia ni la kumdaka mpinzani katikati ya shambulizi lake, lakini hilo halisemwi. Ukuta uko hatua mbili nyuma yake. Mwili uliochaguliwa ni wa Jack, jitu, na katika matoleo kadhaa ya Tekken kuna mapigo yanayomkuta yeye yakamkosa mtu mwembamba. Kijana anajaribu mara 40, inakataa, anadhani ana vidole vibovu.

Street Fighter 6 ina mfano mzuri wa udanganyifu wa mkasi. Mchezaji ana vipande 6 vya Draivu, akiba ya nguvu anayoitumia kwa mbinu zake. Kombo inayovimaliza vyote inapendeza, damu inashuka kwa kishindo, klipu inakatwa pale mpinzani anapoanguka. Kinachofuata hakionekani: aliyeishiwa Draivu hawezi tena kutumia mbinu zake, kila anapokinga anachelewa fremu 4 zaidi, na hata mapigo maalumu anayoyakinga yanamla damu. Kama mpinzani hakufa, aliyepiga kombo ndiye aliye taabani. Sekunde mbili zaidi za video zingeyasema yote hayo bila neno hata moja.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha video nzuri, iwe ya upande gani, ni kwamba mtazamaji anaona kwa nini kila pigo limeingia. Kabla ya pigo la kwanza acha sekunde moja, aone umbali, ukuta na mita za damu na nguvu zimesimama wapi. Baada ya la mwisho acha mbili, mpinzani aanze kuinuka. Usifunike namba za madhara kwa jina lako lenye moto, maana namba ndiyo hoja: katika Tekken 8 damu kamili ni 180, katika Street Fighter 6 wahusika wengi wana 10,000, na kwa kuwa madhara ya kila pigo hupungua kadiri kombo inavyorefuka, mtu anataka kujua kama zile ngumi nne za nyongeza zimeleta chochote. Mara nyingi zimeleta vumbi. Kuziweka si kosa, ila iwe umeziweka kwa uzuri wake na mtazamaji aone hivyo.

Mdoli naye apangwe. Akiachwa amesimama kama nguzo, kombo iliyokatika katikati inaweza kupita kama nzima kwa macho ya haraka. Mwambie akinge baada ya pigo la kwanza, na kwenye Tekken mwambie abingirike mara tu anapogusa chini. Kombo inayoendelea kuingia hapo ni ya kweli. Inayokatika ilikuwa mtego. Mtego nao ni halali kuuonyesha, ukiuita mtego.

Kwenye kurekodi, kosa la kawaida ni nusu ya ushahidi kupotea. PS4 hurekodi kwa fremu 30, wakati mchezo unakwenda kwa 60. Ile hatua ya kuachia kijiti kwenye ngumi ya umeme inaweza kudumu fremu moja tu. Ukirekodi nusu, huenda haimo kabisa kwenye video, na anayejifunza kwa kusimamisha picha atatafuta kitu ambacho hakipo. PS5 inarekodi 60. Kwa mwenye PS4, njia rahisi ni kuwasha orodha ya vibonyezo ya hali ya mazoezi, kwa sababu hiyo inabaki imeandikwa kwenye kioo hata baada ya fremu yake kupita.

Anayerekodi televisheni kwa simu ana tatizo jingine, hasa kwenye mashine za zamani. Matoleo mengi ya PlayStation ya kwanza ya PAL, mfumo mmojawapo wa televisheni za zamani, yanakwenda kwa picha 50 kwa sekunde, si 60. Simu ikirekodi kwa 30, mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye kioo kama mawimbi ya Raskazone. Simu yenye mipangilio ya mkono iwekwe 25 au 50, na mlango wa kamera (shutter) sekunde 1 kwa 50. Halafu kuna jambo ambalo wanaoiga hulisahau: fremu ya PAL ni milisekunde 20. Kombo uliyoikariri kutoka video ya 60 itahitaji mkono uliopoa kwa sehemu moja ya tano. Wengi wanaolalamika kwamba banda lina padi mbovu wanawahi tu.

Muziki ndio unaoharibu video nyingi, na hapa wenye onyesho hawana utetezi. Wanaondoa sauti ya mchezo yote waweke wimbo. Lakini kombo hufundishwa kwa sikio kuliko jicho. Kati ya ngumi na teke kuna kimya cha urefu fulani, na mtu akikisikia mara tatu mkono unakifuata wenyewe, kama mpiga dumbaki asiyehesabu. Acha sauti ya mapigo isikike juu ya wimbo. Ukitaka ngoma na mapigo vikutane, usogeze mahali klipu inapoanzia. Usiiharakishe wala kuipunguza, maana ukiichezea kasi kwa asilimia 5 tu, umefundisha muda wa uongo. Hesabu si ngumu: wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una fremu 30 kati ya pigo na pigo, na singeli ya 200 ina fremu 18. Singeli inakaa vizuri kwenye kombo za haraka, ikichosha baada ya dakika mbili. Zaidi ya hapo, wimbo wa mtu usio na ruhusa unaweza kuifanya video izimwe sauti yote, na mapigo yakaondoka nao.

Mwendo wa polepole uwekwe kwenye marudio tu, baada ya kombo kuonekana nzima kwa kasi yake. Na anayekata video isimame wima kwa ajili ya stetasi ajue anakata nini: mita za damu ziko pembeni kushoto na kulia, na orodha ya vibonyezo iko ukingoni. Picha nzima ya 1920 kwa 1080 ikiwekwa kwenye upana wa 1080 inachukua urefu wa kama 607, inabaki nafasi tele juu na chini. Hapo ndipo pa kuandika masharti, kwa maneno machache: pigo la kuanzia, mita iliyotumika, ukuta upo au haupo, na toleo la mchezo.

Hilo la toleo wengi hulidharau. Tekken 8 ilitoka Januari 2024 na imekuwa ikibadilishwa kwa masasisho. Kombo ya wiki ya kwanza inaweza kuwa imekufa, na video isiyo na namba ya toleo inazeeka bila mtu kujua. Tekken 3 haina shida hiyo. Kilichokuwa kikiingia 1998 kinaingia leo, ilimradi CD haijakwaruzika.