Msimamizi wa timu ya dharura asigeuzwe karani wa ripoti

Kila robo mwaka swali linakuja lile lile: mmewafikia vijana wangapi? Najaza jedwali, natuma, wanaopokea wanashukuru. Hakuna anayeuliza kama hao waliowafikia wenzao wamelala.

Nasimamia vijana wanaojitolea hapa Kigoma mjini. Wanaitwa pale kijana mwenzao anapofika pabaya: amejifungia chumbani na anawaaga watu kwa ujumbe wa simu, au amechanganyikiwa sokoni na watu wameshaanza kuokota mawe. Msimamo wangu ni kwamba kazi ya kwanza ya msimamizi ni huyu aliyetumwa. Kesi atakwenda kuishughulikia yeye, na ataifanya vizuri kadiri anavyotunzwa. Mipango mingi ninayoiona imepinduliwa. Pesa ipo ya mafunzo, ya fulana, ya ripoti. Ya kukaa naye akirudi haipo.

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 una hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Ni mwongozo mzuri na unafundishika kwa siku chache. Kijana mwenye utu wake anajifunza haraka kutokukatiza maneno, kutokuhubiri, na kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Kigumu ni kile anachoondoka nacho baada ya hatua ya tatu.

Chukua usiku mmoja Gungu. Wawili wamerudi saa saba, wamepakizana kwenye pikipiki moja. Swali langu la kwanza ni kama wamekula. Wakishakunywa maji naanza: nani amebaki na kijana? Vitu vya hatari vilivyokuwa ndani vimeondolewa, na viko kwa nani? Kesho nani anampigia, saa ngapi? Hayo yanajibiwa upesi. Kisha nauliza kimewagusa nini. Mkubwa anasema yuko sawa. Mdogo ananyamaza, anaigeuzageuza simu mkononi, halafu anasema, "Kaka, yule anafanana na mdogo wangu." Tukakaa hapo karibu saa nzima, kwenye sentensi hiyo moja. Zamu iliyofuata nilimpa mwingine, naye akapumzika bila kuonekana ametoroka kazi.

Jambo kama hilo lisiposemwa usiku ule, linatokea kwingine. Mhudumu anaanza kutopokea simu, anakuwa mkali kwa wazazi wa watu, au anahamia kwenye kazi nyingine na kila mtu anasema vijana wa siku hizi hawadumu. Mimi nasema ameachwa peke yake.

Kwa hiyo nina masharti ambayo sipunguzi. Hakuna anayekwenda peke yake. Simu ya zamu ni moja, inapokezanwa mkono kwa mkono, na hakuna anayetoa namba yake binafsi, hata kwa yule aliyemhurumia zaidi. Mtoto anayetaka kuongea na mtu tunampa pia 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Na ukijua familia, sema, tubadilishane. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Ujiji watu wameoana vizazi na vizazi. Ukifika mlangoni unakuta mwenye nyumba ni baba mdogo wa mtu. Unaanza na shikamoo, unakaribishwa, na kabla hujakaa umeshapewa upande wa familia wa kuutetea. Hapo msimamizi lazima awe na wa kumpeleka kutoka kata nyingine, au angalau aongee na mhudumu kabla hajatoka.

Ratiba ya zamu nayo haiwezi kupangwa na mtu asiyeujua mji huu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Kijana mvuvi wa Kibirizi utamkuta nyumbani, ana nafasi ya kuongea, mbalamwezi ikiwaka. Ukipanga mikutano ya vijana wavuvi kwa kalenda ya ofisini utakutana na usingizi. Ziwa Tanganyika linapofungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, vijana wanakaa bila kipato na madeni yanabaki pale pale, kwa hiyo naweka watu wa zamu karibu na mwalo. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na wiki hiyo simpi mtu ruhusa ya kusafiri kama naweza kuikwepa. Nikishindwa kuikwepa, nashika zamu mwenyewe.

Sasa sheria. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kule Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Ghana walilifuta kosa hilo mwaka 2023. Nataka letu nalo lifutwe, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kunong'ona. Mzazi anamficha mwanawe ndani kwa kuogopa polisi wakati alipaswa kuwa njiani kwenda hospitali ya Maweni. Mhudumu wa miaka ishirini na kitu anabaki ameshika daftari, hajui aandike nini. Jibu ninalompa: hospitali kwanza. Andika ulichokiona, ulichokisikia na ulichokifanya, usiandike hukumu. Daftari linafungiwa, na anayelitaka aje kwangu. Mzigo huo nimeuchukua kwa sababu si wa kumbebesha mtu anayejitolea.

Najua nitaambiwa pesa hakuna. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Siombi hiyo iguswe, kijana mwenye mtaji ana sababu moja zaidi ya kuamka. Ninachowaomba madiwani wetu ni kifungu kidogo kando yake: nauli ya bodaboda ya watu wawili kwenda na kurudi, vocha ya simu ya zamu, chakula cha usiku, na posho ya afisa ustawi wa jamii au muuguzi wa afya ya akili aje kukaa na timu mara moja kwa wiki. Mara moja kwa mwezi naye akae na mimi, kwa sababu wanaonijia na mambo yao wananiachia, na mimi sina wa kumpelekea.

Na kwenye lile jedwali la robo mwaka, waongeze safu moja: wahudumu wangapi wamekaa na msimamizi baada ya kila tukio. Nitaijaza.