Mafuta ya mchanga wa Alberta: butani ni ghali, mvuke je?

Mchanga wa mafuta wa Alberta, Kanada, una lami nzito, ambayo ili itoke ardhini hulainishwa kwa mvuke au kwa viyeyusho, yaani vitu vinavyoiyeyusha, kama butani na propani. Wanaopinga viyeyusho wana hoja: butani na propani zina bei, na kila kinachobaki ardhini ni hasara. Sawa. Ila mvuke wanaoutetea mara chache huupigia hesabu.

Tuupigie. Visima viwili hulazwa sambamba, kimoja mita 5 hivi juu ya mwenzake. Cha juu hupuliza mvuke, cha chini hukusanya lami iliyolainika. Pipa 1 la lami kwa kawaida hula mapipa 3 hivi ya maji, kama kilo 480. Kila kilo, tangu maji baridi hadi mvuke wa nyuzi 200 na zaidi, hudai megajuli 2.7 hivi. Jumla gigajuli 1.3, na pipa lenyewe lina kama 6. Takriban moja ya tano imekwisha kuliwa, na upotevu wa boila haumo. Tena sehemu kubwa ya joto hilo haiigusi lami, ambayo ni kama asilimia 10 tu ya uzito wa mchanga. Hupasha mchanga, maji yaliyomo na mwamba wa juu. Hilo ndilo joto lisilorudi, na bado lawama huangukia butani, ambayo sehemu yake kubwa hutenganishwa juu na kurudishwa kazini.

Butani hulainisha lami bila joto la mvuke, na asfaltini, sehemu nzito kuliko zote, hubaki chini. Mafuta hutoka mepesi zaidi. Lakini hapohapo pana mtego: asfaltini zikijikusanya karibu na kisima huziba nafasi kati ya chembe. Gesi ya methani nayo ikijaa kwenye chemba, nafasi iliyoachwa na lami iliyokwisha kutoka, huizuia butani isiifikie lami iliyobaki. Na kiyeyusho peke yake ni mvivu, kwani joto hupenya lami haraka zaidi kuliko butani. Ndiyo maana mseto una mantiki: kampuni ya Imperial Oil ilianza mwaka 2024 kuchanganya kiyeyusho na mvuke kibiashara, huko Cold Lake, Alberta.

Migodi ya wazi, ambako mchanga huchimbwa na kuoshwa kwa maji moto ili lami itoke, ina mkondo wake. Maji ya kuoshea yameshushwa kutoka nyuzi 80 hivi hadi karibu 50 au chini, lakini mabwawa ya tope linalobaki baada ya kuosha hayakupungua kwa hilo. Udongo mfinyanzi uliomo hutuama polepole, hauharakishwi.

Kwa visima, swali gumu ni la pesa: sehemu ya mwisho ya butani hurudi kisima kikishachoka na shinikizo kushushwa, miaka mingi baada ya kulipiwa.