Wanablogu kwenye Kiti cha Jaji

Kila inapotajwa tuzo ya Cybils, hukosi kusikia swali hili: nani aliwapa hawa ruhusa ya kuhukumu vitabu? Tuzo hii ya Marekani ilianzishwa mwaka 2006 na Anne Boles Levy na Kelly Herold. Ni ya vitabu vya watoto na vijana, na majaji wake ni wanablogu wanaohakiki vitabu hivyo kwa kujitolea, bila malipo.

Swali lenyewe lina haki yake. Medali ya Newbery ya vitabu vya watoto, ambayo ndiyo kipimo cha wengi, imekuwapo tangu 1922. Hutolewa na kitengo cha chama cha wakutubi wa Marekani, kupitia kamati ya watu 15 wanaosoma mwaka mzima. Anayeuliza blogu ina uzito gani mbele ya hayo hajakosea kuuliza. Kosa ni kudhani kwamba "hawa" ni watu wasio na kazi. Wengi wao ni wakutubi, walimu na wazazi. Ndio wanaomwona mtoto akirudisha kitabu baada ya siku mbili, alama ikiwa bado imekwama sura ya kwanza.

Tofauti kubwa kati ya tuzo hizi mbili iko kwenye masharti. Newbery husema wazi kwamba medali haitolewi kwa ajili ya mafunzo yaliyomo kitabuni wala kwa ajili ya umaarufu wake. Cybils huuliza mambo mawili kwa pamoja: je, kitabu kimeandikwa kwa ufundi, na je, mtoto atakipenda? Wakosoaji hulisikia hilo la pili kama kulegeza kamba. Mimi naona limeikaza. Kitabu chenye lugha ya kupendeza kisichomshika mtoto hakipiti, na chenye kumshika mtoto lakini kimeandikwa ovyo hakipiti vilevile. Yeyote aliyewahi kumsomea mtoto usiku anajua kwamba kumfanya aseme "endelea" ni ufundi, na ni ufundi mgumu.

Wala wanablogu hawakuwa peke yao katika wasiwasi kwamba tuzo kubwa humsahau mtoto msomaji. Oktoba 2008, Anita Silvey, mhakiki mkongwe wa vitabu vya watoto, aliandika katika jarida la wakutubi wa shule akiuliza kama Newbery imepotea njia, kwa kuwa washindi wa miaka ile hawakuwa wakiwafikia watoto wengi. Ni kweli kwamba miezi michache baadaye, Januari 2009, medali ilikwenda kwa Neil Gaiman, mwandishi aliyekuwa tayari na wasomaji tele, kwa hiyo haifai kusema kamati ile huwakwepa wanaopendwa. Lakini kwa masharti yake, mapenzi ya watoto yakitokea ni bahati njema. Kwa Cybils ni sehemu ya mtihani.

Angalia pia riwaya za katuni. Cybils iliziwekea kundi lake tangu mwaka wa kwanza. Newbery ilimpa medali mwandishi wa riwaya ya namna hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2020, naye alikuwa Jerry Craft. Wakutubi hawakuwa wamelala, maana tuzo yao ya vitabu vya vijana, Printz, ilimtambua Gene Luen Yang mapema 2007. Hata hivyo mtoto wa miaka kumi anayesoma kwa picha alingoja muda mrefu kuambiwa na watu wazima kwamba anachosoma ni kitabu.

Ninalolithamini zaidi kwa wanablogu ni uwazi. Mtu yeyote anaweza kupendekeza kitabu, kimoja kwa kila kundi, kuanzia Oktoba 1 hadi 15, na orodha yote ya mapendekezo huonekana. Jopo la kwanza huchuja na kutangaza vitano hadi saba kwa kila kundi Januari 1, kila kimoja na maelezo mafupi ya kwa nini kimefika hapo. Jopo jingine hutangaza mshindi Februari 14. Mijadala ya kamati ya Newbery ni siri, na hakuna orodha ya mchujo inayotolewa kabla ya asubuhi ya matokeo. Mzazi anayetafuta kitabu hahitaji sana mshindi mmoja. Anahitaji vile saba na sababu zake.

Wapo wanaolaumu kwamba majaji hupata nakala za bure; lawama hiyo hainisumbui sana. Wachapishaji huwapelekea majaji vitabu, ndiyo, lakini maboksi hayo hayo hufika milangoni mwa wajumbe wa Newbery. Na tangu Desemba 2009 miongozo ya serikali ya Marekani inamtaka mwanablogu aliyepewa bidhaa bure aseme hivyo.

Nzito zaidi ni lawama kwamba hawa ni watu wazima wanaokisia anachopenda mtoto, ilhali watoto wenyewe wapo. Jimbo la Kansas, Marekani, lina tuzo tangu 1952 ambayo kura hupigwa na wanafunzi. Lawama hii naikubali kwa sehemu. Ila hata huko orodha inayopigiwa kura huandaliwa na watu wazima, na mtoto hawezi kukipigia kura kitabu ambacho hakuna aliyemwekea mezani. Kazi ya kukitafuta na kukiweka mezani ndiyo wanayoifanya wanablogu hawa.

Linalonikosesha raha ni hesabu. Baada ya mapendekezo kufungwa hadi Januari 1 ni siku 77, na katika makundi makubwa vitabu hupita mia moja. Vitabu vya picha vinawezekana. Riwaya za kurasa mia tatu, kwa mtu mwenye kazi ya kutwa na watoto nyumbani, haziwezekani, kwa hiyo wanajopo hugawana. Basi kitabu kinaweza kuanguka kwa sababu kiliangukia mikononi mwa msomaji asiyependa aina yake, na mwandishi wake asijue. Tuzo iliyo wazi kiasi hiki ina uwezo wa kuliweka wazi na hili pia: pembeni ya kila kitabu kilichopendekezwa, iandikwe idadi ya wanajopo waliokisoma hadi mwisho. Kama ni wawili, iandikwe wawili.