Juha Kalulu achapishwe mwaka mzima, siku kwa siku

Kila likizuka wazo la kuchapisha upya katuni za zamani za Kiswahili, pendekezo la kwanza huwa lilelile: tuchague mia moja zinazochekesha zaidi, tuzitie rangi, tuzivalishe jalada la kung'aa. Napinga. Edward Gitau, aliyeanza kumchora Juha Kalulu miaka ya 1950 na baadaye akamfanya mwenyeji wa kurasa za Taifa Leo, gazeti la Kenya, kwa miongo, hastahili kitabu cha vichekesho vya kuokoteza. Anastahili mwaka mmoja mzima, Januari hadi Desemba, kila katuni na tarehe yake, zilizo kali na zilizopooza. Mwaka wa kwanza ukifaulu, unafuata wa pili.

Katuni ya gazeti haikuchorwa isomwe peke yake. Msomaji alimkuta Kalulu leo akiwa amesahau alichofunzwa jana, na keshokutwa akarudia kosa kwa njia nyingine. Ujuha wake ulijengwa kwa wiki na miezi. Ukitoa katuni moja hapa na nyingine miaka tisa mbele, unabaki na mzaha usio na mtu ndani yake.

Halafu kuna tarehe. Mzaha wa bei ya sukari hauna maana kama hujui ni shilingi ipi, kwa kuwa kabla ya 1966 Kenya ilitumia shilingi ya Afrika Mashariki. Mzaha wa askari na mtu asiye na kipande, yaani kitambulisho, hausomwi vilevile ukijua kwamba Hali ya Hatari ya enzi za Mau Mau ilitangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Upande wa Tanzania mambo ni hayohayo. Chakubanga, mhusika wa mchoraji Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, anasomeka ukijua kwamba Azimio la Arusha lilitoka Februari 1967. Na katuni yoyote ya mtu anayeficha sabuni chini ya kitanda mwaka 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, inamwonyesha mtu anayeweza kukamatwa kesho asubuhi. Bila tarehe kijana wa leo ataona mchoyo tu.

Gitau huyohuyo alichora City Life ndani ya Joe, lile jarida la Nairobi lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973. Wasomi wameliandikia Joe makala nzito, na ni haki yake. Lakini Joe lilikuwa la Kiingereza. Kazi kubwa zaidi ya mchoraji huyu, ile ya kila siku, ya Kiswahili, iliyosomwa na makarani, madereva na wanafunzi, ndiyo inayotajwa kwa jina kuliko inavyosomwa.

Sasa kazi yenyewe, na inaanza na karatasi. Michoro ya asili ya magazeti ya zamani haikuthaminiwa: ilipigwa picha kiwandani, ikachongwa kwenye bamba, kisha karatasi ikatupwa au kubebwa na yeyote aliyeipenda. Kwa hiyo kilichobaki, kwa sehemu kubwa, ni gazeti lenyewe. Marekani walijifunza hili kwa uchungu. Maktaba zao zilipiga magazeti mikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa kwenye filamu, zikaamini zimemaliza, zikaanza kuyatupa. Bill Blackbeard, mkusanyaji wa katuni mkazi wa San Francisco, akasajili taasisi yake mwaka 1968 ili aweze kuyapokea. Mwaka 1998 mkusanyo wake ulipohamishiwa Chuo Kikuu cha Ohio State ulikuwa na uzito wa tani 75 na ulijaza malori makubwa sita. Sehemu kubwa ya vitabu vya katuni za kale za Marekani vilivyotoka tangu hapo vimenakiliwa kutoka kwenye karatasi zile.

Mikrofilamu ina kazi yake. Ofisi ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1966 imekusanya machapisho ya ukanda huu kwa miaka mingi, na Center for Research Libraries ya Chicago ina filamu nyingi za magazeti ya Afrika. Zitumie kutengeneza orodha: tarehe, namba ya toleo, ukurasa, idadi ya fremu. Usizitumie kama chanzo cha picha ya kuchapa. Filamu hizo zilipigwa kwa weusi na weupe mkali ili maandishi yasomeke. Mistari myembamba ya kalamu hupotea, vivuli huziba, na gazeti lililojalidiwa katika kitabu kikubwa hupinda karibu na mshono hadi fremu ya mwisho inakuwa nyembamba kama imebanwa mlangoni.

Orodha iwe tayari kabla ya kugusa skana. Magazeti yalikuwa na tabia ya kurudia katuni za zamani mchoraji akiugua au kuchelewa. Usipoweka alama ya marudio utachapisha kitu kimoja mara mbili. Siku za sikukuu ambazo gazeti halikutoka ziandikwe hivyo. Siku ambayo nakala haikupatikana popote, acha fremu tupu yenye tarehe kitabuni. Pengo linaloonekana linamfanya msomaji mwenye gazeti la marehemu babu yake alitafute kabatini. Pengo lililofichwa halijazwi kamwe.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, gundi ya asili ya mti, ndiyo maana hugeuka njano kwenye mwanga na kukatika kwenye mikunjo. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam unyevu huongeza ukungu juu ya hayo. Ishike kwa mikono safi na mikavu. Glavu za kitambaa zinapunguza hisia za vidole na ndizo zinazorarua pembe. Usiipige pasi, usiibandike selotepu, na usikubali mtu aitie ndani ya plastiki ya lamineti, maana haitatoka tena.

Kwa kurasa zisizojalidiwa tumia skana bapa, dpi 600 (nukta kwa inchi), kwa rangi, hata kama katuni ni nyeusi tupu. Nitaeleza sababu hivi punde. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa ili maandishi ya upande wa pili yasipenye. Zima kila kitu ambacho skana inajifanyia yenyewe, yaani kunoa, kung'arisha na kusafisha madoa, na hifadhi kwa TIFF, siyo JPEG inayobana picha na kupoteza sehemu yake. Ukurasa mzima wa A3 kwa kiwango hicho ni kama MB 200; ukikata katuni yenyewe, ya sentimita 20 kwa 6, inabaki kama MB 20. Gazeti la siku sita kwa wiki lina katuni 312 kwa mwaka, kwa hiyo mwaka mzima ni kama GB 6, na diski ya kawaida inatosha. Weka nakala tatu, moja nje ya jengo hilo. Kwa magazeti yaliyojalidiwa, usilazimishe mgongo ulale juu ya kioo. Tumia kamera kwenye stendi, taa mbili kwa nyuzi 45 kila upande, na rula ndani ya picha ili vipimo vijulikane baadaye.

Faida ya rangi ni hii. Picha ya rangi ina tabaka tatu: nyekundu, kijani na bluu. Karatasi iliyogeuka njano huonekana nyeusinyeusi kwenye tabaka la bluu na karibu nyeupe kwenye tabaka la nyekundu. Chukua tabaka la nyekundu peke yake, na umri wa karatasi pamoja na madoa mengi ya kahawia yanatoweka bila kugusa mstari hata mmoja. Mhuri wa maktaba wa bluu au zambarau uliopigwa juu ya uso wa Kalulu hufanya kinyume: hufifia kwenye tabaka la bluu. Hapo unachukua kipande hicho tu kutoka tabaka la bluu na kukipandikiza. Aliyeskani kwa weusi na weupe amejinyima njia zote mbili, atabaki anafuta kwa kipanya doa moja moja usiku kucha.

Kisha kuza picha hadi dpi 1200 ikiwa bado ya kijivu, na hapo ndipo uigeuze kuwa nyeusi tupu na nyeupe tupu. Ukigeuza kwanza na kukuza baadaye, kingo za mistari zinakuwa na vijino. Ukiweka mpaka wa weusi, yaani kiwango kinachoamua kijivu kipi kiwe cheusi, juu mno, mistari iliyopishana ya kivuli huziba na kuwa doa. Ukiuweka chini mno, mkia wa herufi ndani ya kiputo cha maneno hukatika na "n" ikasomeka "r". Mpaka mmoja hautoshei mwaka mzima, kwa kuwa wino wa kila toleo ulikuwa na wingi wake. Angalia herufi ndogo kwanza. Zikisomeka vizuri, mchoro mara nyingi uko salama. Kivuli kilichotengenezwa kwa karatasi ya nukta ndicho hatari kuliko vyote: ukiipunguza picha ikiwa tayari nyeusi tupu, nukta hugongana na kuzaa mawimbi ambayo hayamo kwenye mchoro. Amua ukubwa wa mwisho mapema, punguza ukiwa kwenye kijivu, kisha usiguse tena.

Na hapa watu wanaharibu kwa nia njema. Uchapaji wa zamani ulikandamiza wino, mistari ikanenepa kuliko kalamu ya mchoraji. Usiikondeshe. Hujui kalamu yake ilikuwaje, na unene huo ndio uliosomwa na watu. Usibadilishe mwandiko wa mkono ndani ya viputo kwa fonti ya kompyuta. Usisahihishe Kiswahili. Kiswahili cha Nairobi cha wakati ule, pamoja na tahajia zake, ni nusu ya mchezo, na mhariri anayekipeleka kwenye usanifu amekata ulimi wa mhusika. Rekebisha palipokosa wino au palipochanika, basi.

Mzaha unaodhalilisha kabila fulani au unaomfanya mke apigwe ndipo watu wacheke utakutana nao katika katuni za enzi hizo. Uchapishwe mahali pake, na utangulizi useme waziwazi kwamba ulikuwepo na kwamba ni mbaya. Kuuondoa ni kumdanganya msomaji kuhusu mchoraji na kuhusu wasomaji waliomcheka pamoja naye. Maelezo ya bei, vyeo na matukio yakae nyuma ya kitabu, kwa tarehe, mistari miwili kila moja. Chini ya katuni iwe tarehe peke yake.

Haki ndizo zinazoua miradi mingi, tena mwishoni, fedha zikiwa zimeshatumika. Kenya na Tanzania Bara zinalinda michoro kwa uhai wa mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliofariki. Aliyefariki 1986 analindwa hadi mwisho wa 2036. Kwa hiyo "ni ya zamani" si ruhusa. Sheria ya Kenya ya 2001 inachukulia kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa ndani ya ajira yake, au iliyoagizwa, imehamia kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa kama palikuwa na makubaliano mengine. Hivyo mazungumzo ni na pande mbili: gazeti, na mchoraji au familia yake. Zungumza na zote mbili hata kama wakili atasema moja inatosha. Upande wa familia, sahihi ya mtoto mmoja aliyepatikana kwa simu haitoshi kama mwenyewe ameshafariki. Omba hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Mkataba utaje toleo hili, idadi hii ya nakala, miaka hii, na usiwe wa kumiliki kila kitu milele. Malipo naona yatolewe kwa idadi ya nakala zinazochapwa, siku zinapochapwa. Ahadi ya asilimia ya mauzo inaiacha familia ikipiga simu miaka mitatu.

Kitabu chenyewe kiwe cha ulalo, A5, milimita 210 kwa 148. Ukiacha milimita 18 upande wa mshono na 12 nje, katuni inapata upana wa sentimita 18, na mbili zinakaa vizuri kwa ukurasa. Katuni 312 ni kurasa 156. Ongeza 20 za utangulizi na maelezo, unapata 176, ambazo ni mafungu 11 ya kurasa 16, kila fungu likiwa karatasi kubwa iliyokunjwa, bila kupoteza karatasi. Tumia karatasi isiyong'aa ya gramu 80 au 90, yenye weupe wa maziwa. Ya gramu 60 inaonyesha upande wa pili, na ya kung'aa inarudisha mwanga wa taa machoni.

Mwambie mchapaji mambo matatu, na uyaandike kwenye oda. Nyeusi iwe wino mmoja, maana faili la rangi za skrini (RGB) likiingia mtamboni mstari mweusi unajengwa kwa wino nne, na zikipishana hata kidogo kila mstari unapata ukungu wa rangi. PDF isipunguze picha. Mipangilio ya kawaida ya programu nyingi hushusha picha za rangi na za kijivu hadi dpi 300 na kuzibana kwa JPEG bila kukuuliza. Na nyuzi za karatasi zielekee sambamba na mgongo, la sivyo kwenye unyevu wa pwani kurasa zitajikunja mawimbi na mgongo utapasuka. Kitabu cha ulalo kina kurasa ndefu zinazovuta mshono kwa nguvu, kwa hiyo kishonwe kwa uzi. Gundi peke yake itaachia. Kwa nakala 300 mtambo wa kidijitali ndio wa bei nafuu. Ukifika 1,000 uliza bei ya ofseti, uchapaji wa mabamba. Vyovyote iwavyo, dai prufu, yaani nakala ya majaribio, ya fungu moja la kurasa 16 kwenye karatasi ileile ya kitabu, na uchague fungu lenye katuni zilizotoka kwenye magazeti mabovu kuliko yote.