Basi la baba mkwe limefika Nakuru, kushuka ndiyo kazi

Jamani, nani aliwadanganya kwamba gari kuukuu la kupewa ni la bure? Shemeji yangu wa Bungoma amenipa basi la Bedford la marehemu baba mkwe, lile la pua ndefu. Akanipigia simu: "Ni lako, shemeji. Njoo ulichukue tu." Hilo "tu" ndilo linanimaliza.

Kuliendesha nisahau. Bima halina, breki ni za kumwomba Mungu, na njiani kuna Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Radieta ile ingechemka hata mjini Turbo hatujafika. Reli ya zamani inapita Bungoma ikaja hadi Nakuru, kweli, lakini nenda kaulizie behewa la kubebea basi uone utakavyoangaliwa. Watu wa brekidauni nao wanahesabu kilomita za kwenda na za kurudi. Bei waliyonitajia ningepata Probox na chenji.

Basi nikaenda Salgaa, wanakolala madereva wa malori. Trela likishashusha mzigo magharibi hurudi tupu, na dereva anayerudi tupu hakatai pesa ya dizeli. Wenye kontena waache, hayo lazima yarudishwe Mombasa. Tafuta trela la sakafu wazi, linalopeleka mbolea au mabati. Nikampata mmoja, tukaelewana, chai juu yangu. Kisha akauliza ni mzigo gani.

"Basi la zamani."

Akaweka kikombe chini. "La zamani? Hiyo ni antiki, mzee. Antiki ina bei yake."

Gari ambalo kuku wametagia ndani tangu watoto wangu wako chekechea!

Kupakia, lazima nimsifu shemeji. Trela lilirudishwa nyuma mpaka likagusa ukingo wa udongo uliolingana na sakafu yake, vijana wakasukuma, basi likaingia. Kabari mbele na nyuma ya magurudumu, cheni kwenye ekseli. Si kwenye bampa. Bampa ile ingebaki Webuye. Vijana wote wakataka chao, hata yule aliyekuwa kando akipiga kelele "Kata kushoto! Kata kushoto!" na usukani wenyewe haukati popote.

Sasa tuko Free Area, mtaani kwangu hapa Nakuru. Menengai ile pale, vilima kila upande, ila ploti ninapopanga ni tambarare kama meza. Nikampigia shemeji: tunalishushaje?

"Aa, kwani huko kwenu hakuna ukingo?"

Kreni inalipiwa kwa saa, na saa inaanza kuhesabiwa ikiwa bado yadini kwao. Dereva anasema hana haraka, ila kusubiri si bure, na ameshaagiza chapati nyingine kwa jina langu. Mwenye ploti ameuliza kama nafungua steji. Na mama mboga wa jirani amekuja na magunia yake mawili, anataka kujua tunaondoka saa ngapi kwenda Naivasha.