Angara imefungiwa, Antonov bado zinaruka

Julai 24, 2025, ndege aina ya Antonov An-24 ya Angara, shirika dogo la Irkutsk huko Siberia, ilianguka karibu na mji wa Tynda ilipokuwa ikijaribu kutua kwa mara ya pili. Watu wote 48 walikufa. Ndege yenyewe ilitengenezwa mwaka 1976. Kabla mwaka haujaisha, Rosaviatsiya, mamlaka ya usafiri wa anga ya Urusi, ilikuwa imeshaifutia Angara cheti cha kuendesha safari za ndege.

Wanaounga mkono uamuzi huo wana hoja nzito. Mwaka 2011, An-24 ya Angara iliwaka injini ikatua kwa dharura kwenye mto Ob, wakafa 7. Mwaka 2019 nyingine ilizimikiwa injini moja ikielekea Nizhneangarsk, kaskazini mwa Ziwa Baikal. Ilifika chini salama, kisha ikaacha njia, ikagonga jengo na kushika moto. Abiria wote walitoka hai. Rubani mkuu na mhandisi wake hawakutoka. Misiba mitatu ndani ya miaka 14, kwa kampuni ndogo kiasi kile! Mimi sina la kumwambia mfiwa wa Tynda ili azidi kuvumilia.

Lakini muulize mkazi wa Bodaibo, mji wa machimbo ya dhahabu usio na reli. Kituo cha treni kilicho karibu, Taksimo, kiko umbali wa kilomita 220 hivi za barabara mbovu. An-24 imedumu huko kwa sababu inaiweza kazi: mabawa yako juu ya kiwiliwili, kwa hiyo mapanga ya injini hukaa mbali na ardhi, na changarawe za uwanja haziyafikii. Mrithi wake hajapatikana. Il-114-300, ndege mpya ya Urusi iliyotarajiwa kuchukua nafasi hiyo, iliruka mara ya kwanza mwaka 2020, ikacheleweshwa tena na tena; na tangu nchi za Magharibi ziiwekee Urusi vikwazo mwaka 2022, ndege za Magharibi kama ATR zimekosa vipuri.

Naiona hatua ya Rosaviatsiya kuwa ya haki, ila haijagusa chanzo. IrAero, ya Irkutsk vilevile, nayo hutumia An-24. Cheti kilichofutwa kimebadilisha jina tu kwenye tiketi. Ndege anayopanda abiria wa Bodaibo ni ya umri uleule, na ukaguzi mkali ungepaswa kuifuata hiyo ndege, moja baada ya nyingine, popote ilipohamia.