Sufuria inayong'aa si kitu angavu

Walimu wengi huanza somo la mwanga kwa kuandika ubaoni mafungu matatu: vitu angavu (hupitisha mwanga, na kilicho nyuma kinaonekana wazi), nusu angavu (hupitisha mwanga, lakini kilicho nyuma hakionekani wazi) na visivyopitisha mwanga. Watoto wananakili, wanakariri. Hoja ya walimu hao ina uzito: darasa lina watoto themanini, tochi hakuna, na mtihani utauliza majina hayohayo.

Tatizo ni kwamba kwa mtoto "angavu" ni kinachong'aa. Mwambie ataje kitu angavu, atakutajia sufuria mpya. "Kioo" nacho ni viwili: cha dirishani hupitisha mwanga, cha kujitazamia huurudisha. Ukisema tu "kioo hupitisha mwanga", mtoto aliyechana nywele mbele ya kioo asubuhi umeshampoteza.

Ndiyo maana naona vitu vitangulie, majina yafuate. Tochi moja ya betri mbili inatosha kundi la watoto wanane. Laza katoni kwa ubavu, bandika karatasi nyeupe ndani upande wa nyuma, mulika kutoka sentimita 30, kitu kikae katikati. Bila katoni, mwanga wa dirishani humeza kivuli, na watoto hubishana bure. Tochi ya simu ni kali mno. Hupenya hata kidole, na swali la kwa nini ni zuri, ila si la siku ya kwanza.

Vipande vinne vinatosha: plastiki ya chupa ya maji (kingo zifungwe selotepu), karatasi nyeupe, katoni, na karatasi iliyopakwa matone mawili ya mafuta ya kupikia kisha ikafutwa. Hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha somo. Mafuta hujaza nafasi za hewa kati ya nyuzi za karatasi, mwanga hautawanyiki sana, unapita zaidi. Mtoto akiilaza juu ya kitabu anasoma maandishi, anaandika "angavu". Mwambie aiinue sentimita 10: mwanga bado unapita, herufi hazisomeki. Nusu angavu ameiona kwa macho yake.

Khanga naafikiana na wanaoikwepa mwanzoni. Tabaka moja hupitisha mwanga, ikikunjwa mara nne karibu hakuna kinachopita, na mtoto ambaye hajashika mafungu matatu atachanganyikiwa. Ije kipindi cha pili, kuonyesha kwamba unene nao una kazi.

Majina yaandikwe vipande vikishapangwa mezani, na ubaoni isomeke "kioo cha dirishani", maneno yote matatu.